Mtego Ulionyamaza

Wako watu ambao ukiwakaribisha nyumbani hawatulii kitini. Chai hawajaigusa, tayari wameshauliza bomba linavuja wapi, mlango unalia kwa nini, na jokofu linanguruma nini tangu waingie. Ukienda jikoni mara moja, ukirudi utamkuta mgeni wako amepiga magoti nyuma ya jokofu, sikio ukutani. Bi Chungulia alikuwa mtu wa aina hiyo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Kazini, sokoni na hata kwa majirani alikuwa Bi Chungulia, naye aliitika bila kinyongo.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kinachopokea simu za dharura na kutuma magari ya wagonjwa. Jengo lenyewe halikuwa la kujivunia: ukumbi mmoja wenye madawati ya wapokea simu, kila mmoja na kioo chake na visikizio vyake kichwani, na nyuma ya ukumbi chumba kidogo cha mitambo chenye baridi kali. Humo ndimo alimoshinda. Wenzake wakijipepea na magazeti, yeye alitoka amevaa sweta la sufu na soksi mbili mbili, wakamcheka kila siku kama vile ndiyo kwanza wanamwona.

Jina la utani alilipata kwa haki. Programu ya kituo kile haikuwa na siku ya mapumziko, maana watu hawaugui kwa ratiba. Fundi aliyemtangulia, kila ilipoleta kasoro, aliizima, akachomeka ndani yake maneno ya kuitaka iseme imefika wapi, akaijenga upya, akaiwasha. Muda huo wote wapokea simu walikuwa wanaandika anwani kwenye vipande vya karatasi na kuwapigia madereva kwa simu zao wenyewe. Bi Chungulia alipoingia alikuja na njia nyingine. Alikaa mbele ya kioo cheusi, akaandika mstari mmoja wa amri ya perf, chombo cha kupelelezea programu ikiwa kazini, akataja jina la kipande cha programu anachotaka kukivizia, basi. Programu ikiendelea na shughuli zake, kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya chini kabisa inayoendesha vingine vyote, kilichomeka alama ndogo mahali pale. Kila programu ilipopita juu ya alama, kiini kiliandika: imepita, saa fulani, kutoka dawati fulani; kisha kikaiachia iende zake. Programu haikuwa na habari. Kazi ikiisha, mstari mwingine wa amri, alama inang'olewa, na ni kama hakuna aliyewahi kufika. Vitabu vya fani vina majina marefu ya jambo hili. Yeye aliliita kuweka mtego, na kituo kizima kikaliita hivyo hivyo.

Alipenda sana kazi ile, tuseme ukweli. Alipenda kujua jambo ambalo mwenye jambo mwenyewe halijui. Na kwa kuwa mitego yake haikuwahi kumwaibisha, watu walizoea kwamba Bi Chungulia akisema, amesema. Mkuu wa kituo, bwana mmoja mpole anayeogopa barua za malalamiko kuliko moto, alikuwa akimaliza ubishi wowote kwa maneno manne: "Tumwulize Bi Chungulia kwanza."

Sasa, miongoni mwa wapokea simu wale alikuwamo wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Ndiye aliyetangulia kufika kituoni, na ndiye aliyekuja siku moja kumwambia, "Wifi, kwetu kuna nafasi ya fundi, acha kukaa nyumbani unafungua redio za watu." Mawifi hawa walikuwa wanataniana mpaka wageni wanadhani wanagombana. Mmoja akisema mwenzake kaolewa na kaka mtu kwa kuwa hakuona vizuri siku ile, mwingine anajibu kwamba aliona vizuri, ila hakujua kama kuna wifi ndani ya furushi. Saa ya chakula cha mchana walikaa meza moja, wakabadilishana vyombo bila kuulizana. Kwenye simu wifi alikuwa hana mpinzani. Mtu analia, anapiga kelele, hajui hata mtaa anaokaa, na wifi kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mtoto anamtoa anwani, jina la mgonjwa na rangi ya geti.

Ndipo likatokea la mzee fundi saa.

Mzee huyo, mstaafu, alianguka bafuni mchana mmoja. Binti yake akapiga simu, wifi akapokea, akamtuliza, akachukua anwani. Gari likachelewa. Likachelewa mpaka majirani wakambeba mzee kwenye pikapu ya kuuzia mboga. Hospitali wakamwokoa roho, lakini upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi na ulimi ukagoma. Daktari aliwaambia bila kuficha kwamba angefika mapema mambo yangekuwa mengine.

Binti aliandika malalamiko, na alikuwa na haki. Mkuu wa kituo akamwita wifi.

"Nilibonyeza pale pale," wifi alisema. "Simu haijakatika, nimeshatuma."

Kumbukumbu za programu zilionyesha saa ambayo ujumbe ulitoka kwenda kwa dereva, nayo ilikuwa saa ya kuchelewa kweli. Hazikuonyesha saa ambayo mtu alibonyeza kitufe. Kati ya kidole na ujumbe kulikuwa na giza, na ndani ya giza lile ndimo jina la mtu lilimokuwa limekaa.

Mchana ule kwenye meza yao wifi hakufungua chombo chake. "Wifi," alisema, "hebu chungulia. Weka huo mtego wako. Watu wananitazama kama nimeua. Mashine ikisema, wataelewa."

"Hilo tu?" Bi Chungulia alisema. "Kula kwanza."

Aliweka mtego jioni ile ile kabla hajaondoka. Msimbo wa programu, yaani maandishi iliyojengwa kwayo, alikuwa nao, akaufungua, akatafuta kipande kinachoshughulikia kitufe cha kutuma gari, akalisoma jina lake, akaliandika kwenye amri. Amri ikajibu kwamba mtego umewekwa. Fundi mzuri haondoki bila kujaribu, naye alijaribu: alikaa kwenye dawati tupu, akafungua simu ya mazoezi, akashika kipanya, akabofya kitufe kwenye kioo. Mtego ukaandika. Akabofya tena, ukaandika tena. Akaridhika, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Wiki ilipita salama. Kisha mchana mmoja mama mjamzito akachelewa kufikiwa, akajifungulia sebuleni mikononi mwa mama mkwe wake. Mtoto na mama walikuwa wazima, tena mama mkwe alijisifu mtaa mzima. Lakini gari lilikuwa limechelewa, na simu ilikuwa imepokelewa na wifi.

Bi Chungulia alisoma alichonasa. Simu iliingia, mazungumzo yakaisha, halafu kimya. Dakika zikapita. Ndipo mtego ukaandika kwamba kitufe kimebonyezwa kwenye dawati la wifi, na mara hiyo hiyo ujumbe ukatoka kwa dereva. Alisoma mara tatu nne, akitafuta pa kumpenyeza wifi yake. Hapakuwapo. Angeweza kunyamaza, na lilimjia wazo hilo, lakini alikuwa amejijenga juu ya jambo moja tu maishani, nalo ni kutosema asichokiona na kutoficha alichokiona. Akaenda.

Ofisini kwa mkuu walikuwa watatu. Alizungumza akitazama meza.

"Kitufe kilibonyezwa kwa kuchelewa," alisema.

Wifi alimgeukia. Hakupaza sauti. "Mashine imesema hivyo?"

"Imesema hivyo."

"Basi," wifi alisema.

Akasimamishwa kazi siku hiyo, akisubiri kamati ya nidhamu. Na kwa kuwa la mama mjamzito limethibitika, la mzee fundi saa nalo likahesabiwa limethibitika, hata kama siku ile hapakuwa na mtego wowote.

Nyumbani kwa kaka yake, ambako mama yao pia aliishi, Bi Chungulia alizoea kufika kila mwisho wa juma. Alifika kama kawaida, na kama kawaida watoto wakamrukia: "Shangazi! Shangazi!" Lakini wakubwa walikuwa wamekaa kama waliofiwa. Wifi alikuwa chumbani. Anaumwa kichwa, waliambiwa watoto.

Kaka mtu hakuzunguka. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa sijawaelewa."

"Kaka, si mimi niliyesema. Ni mashine."

"Mashine ina mdomo? Mdomo niliousikia ni wako."

"Ungetaka nidanganye?"

Kaka hakuwa mtu wa kutaka mtu adanganye, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Mama yao, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Mtego wa panya, mwanangu, huingia waliomo na wasiokuwemo." Bi Chungulia alitaka kumjibu mama yake kwamba mtego wake si wa panya, una saa na namba ya dawati, haubahatishi. Akaona aibu kubishana na mzee anayechambua mboga. Akanywa chai yake haraka, akaungua ulimi, akaaga.

Siku zilizofuata alikula peke yake. Wapokea simu walimsalimia vizuri, vizuri kupita kiasi, kama watu wanavyomsalimia askari. Alijiambia kwamba ukweli una gharama yake, na maneno hayo yalimpa nafuu kidogo, ila kila akiyarudia nafuu ilipungua. Alimkumbuka wifi. Hakuna aliyemtania, wala hakuna aliyemwuliza kama amekula.

Mwanzoni mwa wiki iliyofuata aliamua kung'oa mtego, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Kabla hajauondoa akafungua kila ulichonasa tangu siku ya kwanza, kwa mazoea tu, kama mtu anayekung'uta mkoba kabla ya kuufua. Madawati yote yalikuwamo. Dawati la dirishani lilikuwa na mabonyezo tele, la mlangoni tele. La wifi, juma zima alilofanya kazi, lilikuwa na bonyezo moja. Lile la kuchelewa.

Akatabasamu kwanza, akidhani amesoma vibaya. Akachuja upya. Moja.

Akafungua kumbukumbu za magari. Juma hilo hilo dawati la wifi lilituma magari mengi kuliko dawati lolote. Yalitoka kwa wakati, yakafika, yakabeba wagonjwa. Sasa yalitumwa na nani? Na jini?

Alikaa kitini na sweta lake, na kwa mara ya kwanza chumba kile kikamtetemesha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye juma zima alikuwa amekaa juu ya kimya kile bila kukisikia. Mbali na bonyezo lile moja, mtego wake haukuwahi kumwona wifi akituma gari. Haukumwona hata alipowahi.

Alitoka akaingia ukumbini, akasimama nyuma ya madawati. Miaka yote aliyofanya kazi pale alikuwa amechungulia ndani ya kila programu, lakini kusimama nyuma ya mpokea simu na kutazama mikono yake, hilo hakuwahi kulifanya. Kwenye dawati la wifi palikuwa na dada mmoja mgeni wa kazi.

"Ukitaka kutuma gari unafanyaje?" Bi Chungulia alimwuliza.

"Si nabofya hapa?" dada alisema, akakionyesha kitufe kwenye kioo kwa kipanya. "Kwani nakosea?"

"Hukosei. Na wote wanafanya hivyo?"

"Sisi wageni. Wifi yako yeye kipanya hakigusi." Dada akacheka kidogo, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaacha. "Alikuwa anabonyeza hiki cha juu kwenye kibodi. Alisema kipanya ni cha watu wenye nafasi. Na yule kaka wa zamu ya asubuhi naye hivyo hivyo, alifundishwa na yeye."

Walifungua simu ya mazoezi. Dada akabofya kwa kipanya, mtego ukaandika. Akabonyeza kitufe cha kibodi. Ujumbe ukatoka safi kabisa, na mtego haukuandika kitu. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu dada akauliza kama Bi Chungulia anajisikia vibaya, alete maji.

Alichokielewa palepale ni jambo ambalo kila fundi wa kazi ile analijua, na yeye alilijua tangu chuoni. Watu huandika programu kwa maneno yanayosomeka, kisha kompaila huyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila ina haraka. Ikiona kipande kimoja kinaitwa na kipande jirani, haioni sababu ya safari. Inanakili mwili wa kile kipande na kuupachika ndani ya jirani yake, na nakala hiyo haina jina mlangoni. Kipande cha kutuma gari kilikuwa na makao mawili. Moja lenye jina, linalofikiwa na kipanya. La pili limefichwa ndani ya kipande cha kibodi, bila jina. Yeye alitega kwa jina, na amri ikatega penye jina. Kama angeipa amri lile faili la maelezo ya ujenzi, linaloeleza kila mstari ulioandikwa umeangukia wapi ndani ya mashine, ingeyaona makao yote mawili. Faili lile halikuwa limewekwa kwenye kompyuta ya kituo, naye jioni ile alikuwa na haraka, na mtego ulikuwa umeshamnasa yeye mwenyewe akijaribu. Kwa kipanya.

Alilia, lakini kwa muda mfupi, maana kulia kwenye chumba cha mitambo ni kazi bure, machozi yanapoa kabla hayajafika kidevuni.

Kisha akafanya kazi inavyotakiwa. Akaweka faili la maelezo, akaandika amri upya, safari hii kwa namba ya mstari badala ya jina, na amri ikajibu kwamba imetega mahali pawili. Jibu dogo, maneno machache kwenye kioo cheusi, na mtu angelia tena kwa kulisoma tu. Akashuka mpaka kwenye kiini chenyewe, akatega pale programu inapoiomba diski ihifadhi ombi kabla ya kulituma: mtego mmoja wa kuingia, mwingine wa kutoka, ili ajue imekaa humo muda gani.

Siku ya pili yake, mchana, ikanasa. Yule dada mgeni alikuwa ameanza kuiga kibodi. Alibonyeza, na mtego wa kibodi ukaandika pale pale. Programu ikaingia kwenye diski kuhifadhi ombi, na haikutoka. Ilikwama humo dakika kadhaa, kwa kuwa saa ile ndiyo nakala ya akiba ya kituo kizima huchukuliwa, na diski ilikuwa imezeeka, haiwezi kubeba mizigo miwili. Dada alipoona kioo hakibadiliki, akashika kipanya akabofya kwa hasira. Bofyo hilo nalo likangoja foleni, na diski ilipoachia, likaandikwa mwisho kabisa, sekunde ile ile ujumbe ulipotoka. Kwa mtego wa zamani lingeonekana ndilo bonyezo pekee. Picha ilikuwa ile ile ya wifi, mstari kwa mstari; hata yeye asiyegusa kipanya, siku ile kioo kilipoganda, alikuwa amekibofya. Safari hii Bi Chungulia alikuwa amesimama ukumbini, tayari, na gari lilitumwa kwa simu ya mkononi kabla mgonjwa hajajua kitu.

Alimweleza mkuu wa kituo kila kitu bila kujipunguzia. Mkuu alisikiliza, akajikuna paji la uso.

"Diski tutabadilisha leo," alisema. "Saa ya nakala tutaihamisha. Wifi yako nitampigia, arudi. Tutasema kamati imemsamehe, yaishe."

"Asamehewe nini?"

"Bi Chungulia, nisikilize. Ukisimama mbele ya watu ukasema mtego wako ulikosea, kesho ukileta jambo nani atakuamini? Mimi mwenyewe nitategemea nini?"

Alijua bwana yule hamwambii kwa ubaya. Na hilo lilimuuma, maana ndilo alilokuwa akiliogopa tangu jana: imani ile ya watu ndiyo mali yake yote. "Mficha uchi hazai," alisema, akainuka.

Zamu zilipobadilishana, wanaotoka na wanaoingia wakiwa wote ukumbini, aliwaambia. Kwamba wifi yake alibonyeza kwa wakati. Kwamba mashine haikusema uongo, ila ilijibu swali alilouliza yeye, na yeye aliuliza swali bovu, kisha akalichukua jibu akamfunga nalo mtu. Simu ikaita kwenye dawati la mlangoni, mpokea simu akageuka akaipokea, na watu wakatawanyika.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Njiani alijiandaa kutukanwa. Alikuwa amepanga hata atasimama wapi, asikae mpaka ameambiwa akae, asijitetee kwa neno lolote.

Wifi alikuwa uani anafua. Amekonda. Alimwona, akasema, "Karibu, wifi," na akavuta kigoda cha pili kwa mguu. Haikuwa sauti ya ugomvi. Bi Chungulia akakaa, mipango yote ikamtoka, akasimulia hovyo hovyo, akianza na kompaila na kuishia na kipanya, akarudi nyuma, akaeleza diski. Wifi aliendelea kukamua shati moja lile lile.

"Unasema nilibonyeza," wifi alisema hatimaye.

"Ulibonyeza, wifi. Pale pale. Kibodi."

"Na siku ya yule mzee?"

"Siku ile mtego haukuwapo, siwezi kukuapia. Lakini nakala ya akiba ilikuwa inachukuliwa saa ile ile aliyoanguka, nimeangalia. Ni diski, wifi. Si wewe."

Wifi aliliweka shati chini. Akautazama mkono wake wa kulia uliojaa povu.

"Mimi sikukukasirikia," alisema. "Kaka yako ndiye aliyekasirika. Mimi nilikuamini. Ulipotamka pale ofisini nikajiambia, huyu hajawahi kukosea, na ananipenda, asingesema kama si kweli. Kwa hiyo sikubonyeza. Nikakaa hapa nikawa naikumbuka siku ya mzee upya. Na kila nikiikumbuka, mkono unachelewa zaidi. Mwanzo niliuona unabonyeza mara moja. Baada ya siku mbili nikauona umekaa mezani. Mpaka nikajiona kabisa, wifi, nimekaa, nimetulia, simu imeshakatika, binti wa watu anangoja, na mimi nimetulia tu."

"Wifi…"

"Ngoja. Juzi nilikwenda kwao. Nilipiga magoti mbele ya yule binti, nikamwambia, mkono uliochelewa ni huu. Nimekuja kuomba radhi. Alilia sana. Halafu akanisamehe. Mzee hawezi kusema, lakini alielewa, akanyoosha mkono wake mzima akanishika hapa." Akajishika kiganja. "Nilirudi nikalala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala tangu siku ile. Sasa niwaendee niwaambie nini? Kwamba hata kile walichonisamehe hakikuwapo?"

Bi Chungulia alishawahi kuona programu ikipotoshwa na takwimu mbovu, ikaanza kuzalisha mbovu zaidi juu yake, lakini hakuwahi kudhani mtu anaweza kufanyiwa hivyo, na kwamba mtu huyo angekuwa huyu, na mkono uliofanya ungekuwa wake yeye mwenyewe. Aliteremka kwenye kigoda akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, sketi ikalowa.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Nitawaambia mimi. Wewe huna la kuwaambia. Kesho asubuhi nakwenda."

Wifi akatikisa kichwa, si kukataa, ila kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. "Twende wote. Lakini kwanza niambie tena."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba nilibonyeza."

Akamwambia, taratibu, kama anavyomweleza mtoto: simu iliingia, ulichukua anwani, ulibonyeza pale pale. Wifi alikuwa amefumba macho, na kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga ukingo wa beseni, kikitafuta.

"Tena," alisema.